Mtoto Namba Arobaini na Moja

12 Mei, Kituntu

Sitini na moja. Nimeiandika namba kwanza, kabla ya kusema kwamba nimefika salama, kabla ya kumlalamikia muuguzi wetu Elipidius na pikipiki yake, kwa sababu hiyo ndiyo habari ya leo. Makala yangu imenukuliwa mara sitini na moja. Juzi ilikuwa hamsini na tisa. Maana yake watu wawili, sijui wa nchi gani, wameamka asubuhi, wakanywa chai yao, wakaandika katika makala zao: kama alivyoonyesha Kokubanza. Kokubanza ni mimi. Sperancia Kokubanza, binti wa mwalimu wa Muleba, ambaye hadi miaka miwili iliyopita nilikuwa na makala nne zilizonukuliwa mara saba, na kati ya hizo saba, tatu nilijinukuu mwenyewe.

Makala yenyewe ni fupi, kurasa tatu tu. Inamhusu mtoto mmoja wa Rugera ambaye katika utafiti wetu anaitwa namba arobaini na moja. Tunawafuatilia watoto mia mbili wa kata hizi tangu walipochanjwa surua wakiwa wachanga, tuone kinga yao inadumu kwa muda gani. Tunachukua damu kidogo na kupima kingamwili, wale askari ambao mwili huwaweka baada ya chanjo. Namba arobaini na moja alikuwa nao tele akiwa na mwaka mmoja, tele akiwa na miwili. Alipofika mitatu hakuwa na hata mmoja. Tukamchanja upya, na mwili wake ukaipokea chanjo kama kitu ambacho haujawahi kukiona. Askari kupungua ni jambo la kawaida. Lakini huyu kumbukumbu yenyewe ilifutika. Tangu nitoe habari hiyo, wakubwa wa taaluma ya kinga wanagombana juu ya sababu, na kila anayegombana lazima anitaje.

Msimu huu wa kahawa ndio utakaoamua. Mwisho wa Julai wafadhili watakaa kuamua kama watatupa miaka mitano mingine ya kuwafuata watoto hawa, mimi nikiwa mtafiti mkuu. Profesa Rwezaura, bosi wangu kule Mwanza, anasema wafadhili hawasomi makala, wanatazama imenukuliwa mara ngapi. Nikifikisha mia, anasema, atalala usingizi.

13 Mei

Mvua. Mtandao hapa unapatikana mahali pamoja tu, kwenye mwinuko nyuma ya shule ya msingi, tena usimame umeelekea Kayanga. Nimesimama pale na mwavuli. Sitini na moja.

15 Mei

Sitini na moja. Elipidius anasema ndizi haikomai kwa kutazamwa.

19 Mei, Rugera

Leo tumewapitia wazazi kuwaambia kwamba mwezi ujao tutachukua damu. Nimemwacha Ma Mackrine awe wa mwisho, kama mtu anavyoacha nyama mwishoni mwa sahani, kwa sababu ndiye bibi wa namba arobaini na moja wangu.

Ma Mackrine ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye kibanja, lile shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, kisafi kuliko vyote nilivyoviona Karagwe. Huwezi kufika kwake ukasema ulichojia. Kwanza unaketi. Kisha kinakuja kile kikapu kidogo cha ukindu chenye kahawa ya kutafuna, unachukua punje zako mbili, unatafuna, unaulizwa habari za Muleba, za wazazi, za ndoa (hapo natafuna kwa nguvu zaidi), ndipo unaruhusiwa kuzungumza. Elipidius, ambaye ni Mnyambo wa hapahapa na muuguzi wetu kwa miaka miwili sasa, anasema kwa Ma Mackrine hata mwizi angeketishwa kwanza.

Mtoto alikuwa nyuma ya nyumba. Bibi akaita, "Kashaija, njoo umsalimie daktari wako," naye akaja akiwa na pengo la jino la mbele, akasema shikamoo, akakaa karibu nami kama tulivyozoea. Nimempa penseli za rangi. Nilimtazama akichora pikipiki nikajawa na furaha isiyo na adabu. Nilitaka kumwambia, unajua wewe mtoto unazungumzwa hadi Ulaya? Ana miaka sita.

27 Mei

Sitini na tatu!

2 Juni

Nimealikwa. Mkutano mkubwa wa wataalamu wa kinga, mwakani, nauli juu yao, nikaeleze habari ya namba arobaini na moja. Nimeisoma barua pepe mara nne palepale kwenye mwinuko, na watoto wa shule waliokuwa mapumzikoni walisimama kuniangalia nikizungumza peke yangu. Nimempigia Profesa. Alicheka hadi akakohoa. Alisema Kagera itabidi itengenezewe barabara kwa ajili yangu.

Leo nawapenda watu wote, hata yule mwenye baa jirani anayepiga muziki tangu asubuhi.

11 Juni

Vumbi limeanza. Kahawa imeiva kila upande na hakuna wa kuzungumza naye, watu wote wako mashambani wakichuma. Mabasi madogo kutoka Kyerwa yanashusha watoto na wajomba waliokuja kusaidia. Elipidius anasema huu ndio msimu wa ukoo mzima kuhesabiana. Sitini na nane.

18 Juni

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Tulifika kwa Ma Mackrine asubuhi kuchukua damu. Uwanja wote ulikuwa umetandikwa maturubai na kahawa imeanikwa juu yake, mpaka tukaegesha pikipiki barabarani. Mtu yeyote wa nyumba ile mwenye mikono miwili alikuwepo. Wavulana wawili wa kimo kimoja walikuwa wakigeuza kahawa kwa miguu, wanaburuta nyayo kutoka mwanzo wa turubai hadi mwisho. Mmoja nilimfahamu kwa pengo lake. Elipidius akafungua sanduku, akaita Jovin, maana ndilo jina lililo kwenye kadi ya chanjo ya namba arobaini na moja.

Aliyeinua kichwa ni yule mwingine.

Alikuja mbio, akaamkia, akasimama mbele yetu akisubiri. Mwenye pengo aliendelea kuburuta miguu yake. Elipidius akacheka, akamwambia mgeni kwamba hakuitwa yeye, ameitwa Jovin. Mtoto akajibu kwa heshima kabisa kwamba Jovin ni yeye.

Nikamgeukia Ma Mackrine. Alikuwa ameshika ungo, na macho yake yalikuwa ndani ya ungo.

Hata hapo sikuelewa. Kwetu mtoto ana jina la ubatizo na jina la nyumbani. Mimi kwa padri ni Sperancia na kwa bibi yangu ni Kokubanza. Miaka miwili nimemsikia huyu mtoto akiitwa Kashaija na nikaona ni sawa, Kashaija ni la nyumbani, Jovin ni la kwenye kadi. Mtu wa Dar es Salaam angeuliza siku ya kwanza. Mimi mtoto wa Muleba sikuuliza, kwa sababu nilikuwa najua.

Ma Mackrine alituketisha. Kikapu kikaja. Nilitafuna bila kuonja. Ndipo akaeleza, bila kuharakisha. Jovin ni mtoto wa mwanawe wa kiume. Alizaliwa pale, akachanjwa pale, na damu ya kwanza na ya pili ilitoka kwake. Kisha baba yake akapata kibanja Nkwenda, akamchukua kwenda Kyerwa. Mwaka uleule binti wa Ma Mackrine, aliyekuwa akihangaika na vibarua huku na huko, akamleta Kashaija, mtoto wa umri uleule, ambaye hakuwahi kupelekwa kliniki hata siku moja. Kadi ya Jovin ilikuwa imebaki ndani. Halafu siku moja ya mvua akafika muuguzi aliyekuwepo kabla ya Elipidius, matope mpaka magotini, akasema watoto wote lazima wapatikane, akikosekana hata mmoja kazi ya daktari imeharibika.

"Ulitaka nimwambie nini?" Ma Mackrine aliniuliza. "Mtu ametembea kwenye matope yote yale, amekaa kwangu, ametafuna kahawa yangu. Nimwache aondoke mikono mitupu? Nikampa huyu. Wote ni wajukuu wangu. Damu si ileile?"

Elipidius aliinama akafunga sanduku, taratibu sana, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa.

Kwa hiyo ni hivi. Kumbukumbu ya mtoto haikufutika. Hapakuwa na kumbukumbu. Tulimchoma sindano mtoto ambaye hajawahi kuchanjwa, tukashangaa kwamba hana kinga. Tukamchanja, tukashangaa kwamba mwili wake unaipokea chanjo kama mara ya kwanza, na ilikuwa mara ya kwanza. Mwili wa Kashaija ulisema kweli tangu mwanzo. Mimi ndiye nilimbishia, kwa kurasa tatu, na watu sitini na wanane wamenisadiki.

Nilitaka kukasirika na hasira haikuja. Nilitoka nikasimama kwenye migomba, na kitu cha kwanza kilichonitoka kilikuwa kicheko, cha pili machozi. Wavulana walikuja wote wawili kunitazama. Wanafanana masikio.

19 Juni

Nimempigia Profesa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza nani mwingine anajua. Nikamwambia mimi, Elipidius na Ma Mackrine. Akavuta pumzi akasema, basi tusubiri Agosti.

Niliposema nataka kuliandikia jarida mara moja, alibadilika. Aliniambia nifikiri kama mtu mzima. Makala hiyo ndiyo sifa yangu yote, ukiitoa nabaki na makala nne ambazo hakuna anayezijua. Wafadhili watatukataa. Elipidius atakosa kazi. Watoto mia moja tisini na tisa waliofuatwa kwa uaminifu tangu uchanga wataachwa katikati ya njia, na hakuna atakayejua kinga yao ilidumu au la. Yote hayo kwa sababu ya kukataa kunyamaza wiki sita tu.

"Sikwambii udanganye," alisema. "Nakwambia uchelewe. Hakuna atakayekufa."

Ubaya wa Profesa Rwezaura ni kwamba si mtu mbaya. Ametumia nusu ya maisha yake kutafuta fedha za kazi hii, na kila alichosema ni kweli. Nilikata simu nikiwa nimeahidi kufikiri, na nimefikiri siku nzima, na kichwa kinauma.

20 Juni

Sikupanda kwenye mwinuko.

21 Juni

Nimepanda. Sabini. Nimetamani kuishusha kwa mkono.

22 Juni

Baada ya misa Ma Mackrine alinifuata hadi kwangu, amejitwisha mkungu wa ndizi, na Kashaija nyuma yake amebeba parachichi. Nilijua ni mzigo wa kuomba radhi, na nilijua pia kwamba hataomba radhi kwa mdomo. Tuliketi barazani. Safari hii mimi ndiye mwenyeji na sikuwa na kahawa ya kutafuna, nikampa soda, akaipokea kwa mikono miwili.

Aliniuliza kama kosa lake limeniharibia kazi. Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Kwamba niliandika jambo la Kashaija, wengine wakalichukua, wakajenga maneno yao juu yake, na sasa jambo lenyewe halipo. Kwamba mkubwa wangu anataka nisubiri. Alisikiliza huku akimtoa Kashaija uchafu sikioni kwa pembe ya kitenge.

"Wangapi wamelisikia?"

"Sabini, Ma. Hao ni wale walioandika tu."

"Majina yao unayo?"

Nikamwambia ninayo, kila mmoja na anwani yake.

"Basi kazi ni rahisi," alisema. "Mimi nikisema jambo la mtu hapa Rugera, kisha nikakuta si kweli, narudi nyumba kwa nyumba kwa wale niliowaambia. Sisubiri walisikie njiani. Ni aibu, lakini ni aibu ya siku moja."

Nilimwambia aibu yangu inaweza kuninyima fedha za miaka mitano. Akafikiri. Akasema miaka mitano ni mingi kukaa na jambo hilo tumboni. Halafu akainuka, akasisitiza nimrudishie mwenye duka chupa ya soda, isije ikapotea.

Nimewaza baadaye kuhusu ule msemo wa mgeni njoo mwenyeji apone. Kashaija alichanjwa kwa sababu ya uongo wa bibi yake. Bila ule ukarimu wa kipumbavu angekuwa leo anazunguka kijijini bila kinga yoyote, na hakuna mtafiti ambaye angemjua. Sijui niweke wapi wazo hilo, nimeliweka hapa.

25 Juni

Uamuzi wangu ni huu: kwanza nijue ukweli wote. Baba yake Jovin amekuja kutoka Nkwenda kusaidia kubeba magunia. Nimemweleza kila kitu, amecheka mpaka akakaa chini, kisha akakubali. Elipidius amechukua damu ya Jovin. Safari hii tulimwuliza mtoto jina, tukamwuliza baba, bibi, na jirani Mama Joyness aliyekuwepo siku alipozaliwa. Sampuli imeondoka Kayanga kwa basi la jioni ndani ya barafu, na mimi nusura nipande nayo.

28 Juni

Hakuna jibu.

30 Juni

Hakuna. Nimemgombeza Elipidius bure, kisha nikamnunulia mshikaki.

4 Julai

Anazo!

Jovin ana kingamwili. Baada ya miaka yote hii, askari wake wapo, wamepungua kidogo tu kama inavyotakiwa. Nimesoma majibu kwenye mwinuko nikapiga kelele, mwalimu wa zamu akatoka nje na chaki mkononi.

Na si hilo tu. Nimeketi na kompyuta tangu mchana, nikaziondoa damu za Kashaija, nikaiweka ya Jovin mahali pake. Kwa miaka miwili mchoro wetu umekuwa mstari wa watoto mia moja tisini na tisa ukishuka kwa upole, na nukta moja imeanguka chini kabisa peke yake. Mimi nilikuwa naitazama ile nukta tu. Sasa haipo. Mstari umenyooka, na ninauona kwa mara ya kwanza. Kinga ya watoto hawa inadumu. Wa Kituntu, wa Rugera, wa Kihanga, wenye kula vizuri na wenye kulala njaa, walioumwa malaria na wasioumwa, chanjo imekaa ndani yao wote.

Ni habari isiyosisimua. Hakuna mtu atakayegombana juu yake kwenye mkutano. Lakini nimezunguka chumba hiki nikipiga makofi peke yangu, maana nadhani ni habari njema kuliko zote nilizowahi kuandika, na ilikuwa mezani kwangu muda wote nikiwa na shughuli ya kuhesabu wanaonitaja.

6 Julai

Nimeliandikia jarida. Nimeomba makala iondolewe, nimeeleza sababu kwa aya moja, nimebonyeza. Kisha nimempigia Profesa. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba nilipaswa kumwambia kabla ya kutuma, na akakata. Ningependa angepiga kelele.

7 Julai

Nyumba kwa nyumba. Nimeanza na wale wa kwanza kunitaja. Ndugu mheshimiwa, katika makala yako ulinukuu kazi yangu kuhusu mtoto aliyepoteza kinga, naomba kukujulisha kwamba mtoto huyo hakupoteza kitu. Barua kumi leo. Kila moja naandika upya, sinakili.

10 Julai

Barua nane. Majibu mawili. Mmoja amenishukuru. Mwingine amesema kwa vyovyote nadharia yake inasimama bila mtoto wangu, na hongera zake.

13 Julai

Mwaliko wa mkutano umefutwa, kwa lugha nzuri sana. Nililia kidogo halafu nikala.

15 Julai

Makala imewekewa alama nyekundu kwenye tovuti ya jarida. Na kituko cha leo: sabini na moja. Kuna mtu ameinukuu wiki hii, na alama ile juu yake. Elipidius anasema uongo umepanda pikipiki na sisi tunaufuata kwa miguu. Nimemwandikia huyo naye.

24 Julai, Kayanga

Mahojiano na wafadhili, kwa video, kwenye chumba cha kukodi juu ya duka la pembejeo. Nilivaa gauni la kitenge na viatu vya vumbi, kwa kuwa kamera haishuki hapo. Walikuwa watu wanne, na Profesa Rwezaura kwenye kisanduku chake pembeni, uso kama wa mtu aliye kwa daktari wa meno.

Swali la kwanza lilikuwa hilohilo. Mama mmoja mwenye miwani alisema wameona makala yangu inayojulikana zaidi imeondolewa, je ningependa kueleza? Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kitaalamu, yenye maneno marefu. Nikayasahau yote. Niliwaeleza habari ya mvua, ya matope, ya kikapu cha kahawa. Niliwaeleza kwamba kwetu mgeni haondoki mikono mitupu, na kwamba mimi niliyezaliwa huku nilipaswa kuwa wa kwanza kulikumbuka hilo. Kisha nikawaonyesha mstari ulionyooka, na hapo nilianza kusema kwa kasi, mikono ikienda huku na huko, nikasahau hata kutazama saa.

Mzee mmoja akauliza nina uhakika gani na watoto wengine. Nikasema sina. Nikasema nataka kurudi kila nyumba kuuliza, na si kwa kadi, kwa majirani. Akaandika kitu.

Walipoondoka kwenye skrini, Profesa alibaki. Nilisubiri kugombezwa. Alisema, "Hukuniambia kuhusu ule mstari." Nikamwambia sikupata nafasi, alikata simu. Akaomba nimtumie.

25 Julai

Profesa ametuma ujumbe alfajiri. Neno moja: Kweli. Nadhani alikuwa akiutazama mstari.

2 Agosti

Kahawa imekauka na magunia yameshonwa. Wageni wanarudi makwao. Jovin na Kashaija wamegombea penseli zangu za rangi, bibi akazivunja katikati, kila mmoja apate nusu.

Nimefika barua ya sitini na tano.

9 Agosti

Jibu la wafadhili. Si miaka mitano. Ni mmoja. Mwaka mmoja wa kuzunguka nyumba zote na kuhakikisha kila mtoto ni yeye, ndipo waamue tena. Elipidius anabaki, Profesa anabaki kuwa msimamizi, mimi nimetajwa kuwa mtafiti mkuu, kwa majaribio. Elipidius alisema mwaka ni misimu miwili ya ndizi, mtu hafi njaa.

Nimelala mchana kama mtoto.

14 Agosti

Barua ya mwisho imeondoka. Mikono mitupu, na sijisikii vibaya.

21 Agosti, Rugera

Naandika nikiwa uwanjani kwa Ma Mackrine, kwa sababu siwezi kusubiri nifike nyumbani.

Asubuhi nilipanda kwenye mwinuko kwa mazoea tu, nikakuta barua ya Dk. Manirakiza. Yeye ni mtafiti wa Burundi, sijawahi kumwona. Alikuwa miongoni mwa wale sabini na moja. Alininukuu kwa sababu naye, katika watoto wake wa chanjo huko milimani, alikuwa na mmoja ambaye kinga yake ilitoweka ghafla, na alipoisoma makala yangu alifurahi kwamba hayuko peke yake. Barua yangu ilimkuta hivyo. Anasema aliisoma jioni, hakulala vizuri, na Jumapili akachukua gari kurudi kwenye ile nyumba. Akamwuliza mama mkubwa wa mtoto, kwa upole, kama mtoto huyu ndiye yule. Mama mkubwa akatazama chini, akasema aliyetakiwa alikuwa amekwenda kwa wajomba, na muuguzi alikuwa ametoka mbali. Kisha akaita watoto wote wawili, akamletea pombe ya ndizi.

Nimecheka peke yangu hadi mbavu zikauma. Manirakiza anasema sasa anaandika, na anataka tuandike pamoja: watafiti wa kinga wajue kwamba katika nchi za watu wakarimu, mtoto anayekosekana hakosekani. Ana swali moja tu. Wazo la kwenda kuuliza nyumbani amelipata kwenye barua yangu, na mimi kwenye barua niliandika kwamba nililipata kwa mwanamke wa Rugera. Katika marejeo aandike nani?

Nilimwamuru Elipidius awashe pikipiki kabla sijamaliza kusoma.

Ma Mackrine alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimweleza kwamba jina lake litakuwa kwenye jarida, kama langu lilivyokuwa, na kwamba anaweza kukataa. Alitaka kujua kama ni kwa kulaumiwa au kwa kusifiwa. Nikamwambia ukweli, kwamba ni yote mawili. Aliona ni haki. Kisha akarudia kuchagua mawe kwenye maharage, nikadhani tumemaliza.

"Kwa hiyo huko Burundi nako yupo mwanamke aliyeogopa mgeni asiondoke bure," alisema.

"Yupo, Ma."

"Anaitwa nani?"

Nikasema sijui, Manirakiza hakumtaja. Aliweka ungo chini akanitazama kama mwanafunzi ambaye bado hajaelewa somo.

"Basi muulize. Tusiandikwe mimi peke yangu."

Nitamwandikia Manirakiza nikifika kwenye mwinuko. Kashaija amekwenda kuleta kikapu cha kahawa, na hapa pembeni ya ukurasa nimeanza kuhesabu upya. Mackrine wa Rugera: moja.